Mizinga ya Singapore iligeuka

Wengi tumesimuliwa kwamba Singapore, bandari ya koloni la Uingereza, ilianguka Februari 1942 kwa sababu mizinga yake mikubwa ilitazama baharini tu, nao Wajapani wakatokea nchi kavu. Kisa kitamu, ndiyo maana kimedumu.

Ila mizinga kadhaa iligeuzwa ikafyatuliwa kuelekea Johor, nchi kavu iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Singapore. Tatizo lilikuwa makombora: mengi yalitengenezwa kutoboa chuma cha meli, hivyo yakigonga udongo laini yalijichimbia bila kuwadhuru sana askari waliotawanyika. Basi ukisoma simulizi yoyote ya vita hivi, tazama kama inataja aina ya makombora. Fungua na ramani: mlango-bahari wa Johor ni mwembamba, na Wajapani waliuvuka usiku wa tarehe 8. Jiji lilisalimu amri tarehe 15, likakaliwa hadi Septemba 1945.