Kwa nini maji ya Ziwa Tanganyika ni ya uvuguvugu alfajiri ya baridi?

Nenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri ya mwezi wa Julai. Akina mama wanaosubiri dagaa wamejitanda vitenge hadi masikioni, na mchanga unauma nyayo kwa ubaridi. Sasa ingiza mguu ziwani. Uvuguvugu! Kama maji ya kuoga yaliyochemshwa yakasahaulika kidogo kwenye ndoo. Rudi pale pale saa nane mchana, jua likiwa la utosi, ujitumbukize: maji yale yale yatakushtua hadi upumue kwa kwikwi.

Ziwa halijabadilika kwa kiasi unachodhani. Ngozi yetu haina namba za kipimajoto. Inahisi joto linaingia au linatoka, na kwa kasi gani. Alfajiri umetoka kwenye hewa iliyo baridi kuliko maji, mchana umetoka kwenye jua lililokwisha kuipasha ngozi. Hewa ya Kigoma hupanda na kushuka nyuzijoto nyingi ndani ya siku moja. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, halitikiswi na usiku mmoja. Maji hupata joto polepole na kulitoa polepole, na hapa maji ni mengi mno: urefu wake ni karibu kilomita 670, kutoka Burundi hadi Zambia, Tanzania upande mmoja na Kongo upande wa pili.

Hilo ni jibu la siku moja. Kwa mwaka mzima, mambo yananoga zaidi. Maji ya juu huwa na joto kubwa kipindi cha mvua, hasa Februari hadi Aprili, yakifika nyuzi 27 au 28. Yanapoa Juni hadi Agosti, hadi 25 hivi upande wa kaskazini na karibu 24 kule kusini, Kasanga na Mpulungu. Lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi isiyo na mawingu! Jua linawaka kutwa, mvua hakuna, na ziwa linapoa. Inakuwaje?

Jibu liko kwenye mtungi wa bibi. Mtungi wa udongo unatoa jasho, upepo unalikausha, na maji ya ndani yanakuwa baridi bila barafu wala umeme. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi ajabu: lita moja ikipotea kwa njia hiyo, joto lililoondoka nayo lingetosha kushusha zaidi ya lita 500 kwa nyuzi 1. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkavu wa kusi-mashariki, ndugu wa kusi ya pwani, huvuma juu ya ziwa wiki baada ya wiki. Tanganyika lote linageuka mtungi. Jua linatia joto, upepo unalichukua kwa kasi zaidi. Wewe mwenyewe umeshalionja jambo hilo kila ulipotoka majini upepo ukivuma, meno yakagongana chini ya jua kali.

Upepo huo una kazi ya pili, na kwangu hii ndiyo inayopendeza kuliko zote. Ziwa limepangika kwa matabaka: maji ya joto, mepesi, yamekaa juu, yaliyo baridi na mazito yako chini, na kule vilindini ni nyuzi 23 na kitu mwaka mzima. Tofauti ni nyuzi chache tu, lakini katika maji ya joto hata nyuzi moja hubadilisha uzito kuliko ingekuwa katika maji ya baridi, kwa hiyo matabaka hayachanganyiki kirahisi. Kusi linapovuma, linayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Tabaka la joto linarundikana Kigoma na Bujumbura, na kule kusini maji ya chini yanapanda kujaza pengo. Septemba upepo ukilegea, tabaka hilo linarudi kusini, kisha kaskazini tena, kama maji kwenye beseni lililobebwa na mtoto. Ila mwendo mmoja wa kwenda na kurudi huchukua takriban wiki nne. Juu huoni kitu. Mawimbi hayo yamejificha chini.

Maji yanayopanda huja na rutuba kutoka vilindini. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, vijidudu vinaila, dagaa wanavila vijidudu, na migebuka wanawala dagaa. Ndiyo maana habari ya joto la ziwa inatugusa hata tusiojua kuogelea. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalilinganisha vipimo vilivyoanza mwaka 1913 na kuonyesha kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu zaidi kuliko ya chini. Matabaka yakitengana hivyo, rutuba hupanda kwa shida. Uvuvi uliopitiliza una sehemu yake pia katika kupungua kwa samaki, lakini upepo usipoweza tena kuchanganya maji, hakuna nyavu za kulaumu.

Haya, tuogelee. Kwa joto peke yake, karibu kila mwezi unafaa: mabwawa ya mashindano ya kimataifa hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28, na Tanganyika linafika humo bila mtambo wowote. Msimu wa kiangazi maji ni maangavu hadi unaona mawe chini yako, ila mchana kusi huinua mawimbi. Ingia asubuhi kabla halijakolea. Msimu wa mvua maji ni matamu kwa joto, lakini mito inaleta tope na radi hupiga bila simile. Ukisikia ngurumo, toka.

Epuka maji yaliyotulia penye matete, hasa saa za jua kali: konokono wa kichocho hukaa humo, na vimelea hutoka kwa wingi mchana. Ukiwa umekwisha kuingia, pima, dawa ipo. Na usiingie popote kabla ya kuwauliza wavuvi wa hapo habari za mamba na viboko.

Mtoto mpe muda mfupi. Maji ya nyuzi 25 hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa ya nyuzi hizo hizo, na kamwili kadogo hakana akiba. Midomo ikianza kubadilika rangi, mtoe, mkaushe, mfunge kanga kavu, umkalishe mahali pasipofikiwa na upepo, kwa sababu ngozi yake iliyolowa nayo ni mtungi.