TANU haikuzaliwa siku moja

Wengi huamini kwamba Mwalimu Nyerere alianzisha TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kutoka sifuri tarehe 7 Julai 1954. La hasha. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, ikawa Tanganyika African Association (TAA) mwaka 1948, na Nyerere akachaguliwa rais wake 1953. Saba Saba ilileta jina jipya, katiba mpya na dai la wazi la kujitawala, mizizi ilikuwepo.

Kikwazo kilikuwa watu. Watumishi wa serikali, yaani wengi wa waliosoma, walizuiwa kuingia kwenye siasa. Basi kadi za uanachama ziliuzwa na wenye biashara ndogo, na hasa wanawake: Bibi Titi Mohamed alipitia vikundi vya ngoma, kama vya lelemama, vilivyokuwa na viongozi na wanachama wake tayari. (Sehemu hii husahaulika mno.) Usukumani, TANU ilipopigwa marufuku hadi 1958, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliendelea kuwakutanisha watu.

Hata sharti la kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, nusura likigawe chama. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, uliamua kushiriki uchaguzi huo, na wenye msimamo mkali wakaondoka na Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU aliyepinga uamuzi huo.