Upepo Mmoja, Bahari Mbili: Somo la Kwanza kwa Wanaosoma Uvuvi

Kila mwaka wanafunzi wapya wa uvuvi huniuliza swali lile lile kabla hata sijawasha projekta: "Mwalimu, sisi tumekuja kusoma samaki. Fizikia ya bahari ya nini?" Siwalaumu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka bahari iliponiumbua.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nakusanya data za mradi kwenye kijito cha mikoko katika ghuba ya Chwaka, Unguja. Kazi yenyewe nyepesi: kupima joto na chumvi ya maji kila siku, mahali pamoja, saa ile ile. Nilichagua saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa niliyopata mtu wa kunivusha kwa mtumbwi. Mwezi mzima sikukosa siku. Nilipochora grafu nikaona maajabu: joto linapanda, linashuka, linapanda, linashuka, mizunguko miwili safi ndani ya mwezi mmoja. Nikaandika kurasa sita kueleza "mzunguko wa joto wa wiki mbili", nikijiona mgunduzi. Siku ya kuaga nikamwonyesha ile grafu mzee aliyekuwa akinivusha, mtu wa madema, mitego ya samaki, miaka yote. Akaitazama, akacheka kidogo kwa adabu.

"Ulikuwa ukipima saa ngapi?"

"Saa nne, mzee. Kila siku."

"Basi mwanangu, bamvua saa nne maji yamekupwa. Maji mafu saa nne yamejaa. Wewe ulikuwa ukipima maji mawili."

Ndivyo ilivyokuwa. Bamvua ni siku maji yanapojaa sana na kupwa sana; maji mafu ni siku yanapojaa kidogo na kupwa kidogo. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika kama 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Ukipima saa ile ile kwa saa ya mkononi, bahari yenyewe haipo saa ile ile. Siku za bamvua kijito kilikuwa kimekauka nusu, maji machache yaliyobaki yanachemka juani juu ya tope. Wiki moja baadaye, saa hiyo hiyo, kijito kimejaa maji baridi zaidi kutoka ghubani. Nilichochora kilikuwa kalenda ya mwezi, tena kalenda ambayo kila mtoto wa Chwaka anaijua. Kurasa sita zikaenda na maji.

Kwa hiyo mimi sianzi kufundisha na ramani za mikondo ya dunia. Naanza na jedwali la maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inapingana, ndiyo maji mafu. Bamvua kali yenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maana maji mengi hivyo hayatii amri papo hapo. Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika kama mita nne. Akina mama wanaokwenda pweza wanapanga mwezi mzima kwa hesabu hiyo, na mwanafunzi anayekwenda kuhesabu pweza bila hesabu hiyo atarudi na daftari tupu.

Sasa upepo, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo uvuvi wetu ulipolala.

Bahari ya Hindi si kama nyingine. Kaskazini imezibwa na bara la Asia, na bara hilo hupata joto kali kiangazi na baridi kali kipupwe. Matokeo yake upepo unageuka mara mbili kwa mwaka: kusi kuanzia mnamo Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, kaskazi kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na katikati tanga mbili, upepo usiojielewa. Tahadhari moja kabla hatujaendelea, maana kila mtihani inanilia watu: upepo huitwa kwa unakotoka, mkondo wa maji huelezwa kwa unakokwenda. Kusi inatoka kusini. Mkondo wa "kuelekea kaskazini" unakwenda kaskazini. Kaskazi na kaskazini si kitu kimoja.

Mkondo wetu mkubwa unaanzia mbali. Maji yanayosukumwa kutoka mashariki, kusini mwa ikweta, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, hugonga bara karibu na Rasi Delgado kule Msumbiji, kisha hugawanyika. Nusu inashuka kusini, nusu inapanda kupita Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Tawi hili la pili huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinashikana mikono, na maji hufika mita 1.5 hadi 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Wakati wa kaskazi upepo unaupinga mkondo, nao unazembea. Kule Somalia hali ni ya ajabu zaidi: mkondo wenyewe unageuka kabisa, kusi unapanda na kaskazi unashuka, kisha unakutana na wetu karibu na pwani ya Kenya.

Mpaka hapo wavuvi wazoefu wanaweza kunisahihisha mimi. Panapobaki ndipo sayansi ina neno lake.

Mtu wa kawaida anaamini upepo ukisukuma maji, maji yanakwenda upepo unakokwenda. Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyeiacha meli yake Fram inaswe katika barafu ya Aktiki kati ya 1893 na 1896, aliona barafu haifuati upepo sawasawa bali inapinda kulia kwake. Msweden Vagn Walfrid Ekman akalifanyia hesabu na kuchapisha mwaka 1905. Jumla ya maji ya tabaka la juu, kwa sababu dunia inazunguka, huenda pembe mraba na upepo: kulia kwake kaskazini mwa ikweta, kushoto kwake kusini mwa ikweta.

Darasani nawasimamisha watu wote. Upepo ukupige mgongoni. Uko Tanga, mwezi wa Julai, kusi inavuma, kwa hiyo umetazama kaskazini. Wewe uko kusini mwa ikweta: nyoosha mkono wa kushoto. Unaonyesha wapi? Magharibi, nchi kavu. Maana yake kusi inayarundika maji ya juu pwani kwetu, na yakirundikana hayana pa kwenda isipokuwa chini. Sasa hamia Somalia, upepo ule ule, mwezi ule ule, lakini umevuka ikweta: nyoosha mkono wa kulia. Unaonyesha mashariki, bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka pwani, na ya chini, baridi, yenye naitreti na fosfeti, yaani mbolea ya vimea vya bahari, yanapanda kuziba pengo. Ndiyo maana baadhi ya sehemu za pwani ya Somalia joto la maji hushuka chini ya nyuzi 20 katikati ya kusi, bahari inageuka kijani, na samaki wanafurika. Upepo mmoja huo huo, huku unafunga ghala, kule unalifungua.

Mwanafunzi akishaelewa mkono wa kushoto na mkono wa kulia, nusu ya kozi imekwisha. Nasema kweli.

Kwa nini maji ya chini ndiyo ghala? Kwa sababu chakula cha bahari kinaanza na fitoplanktoni, vimea visivyoonekana kwa macho, na vimea vinataka vitu viwili: mwanga na mbolea. Mwanga uko juu. Mbolea iko chini, maana kila kinachokufa kinazama na kuozea huko. Kati yao kuna ukuta, nao tunauita themoklaini: tabaka ambalo ndani yake joto linashuka ghafla. Juu yake maji ya vuguvugu, mepesi. Chini yake maji ya baridi, mazito. Mepesi hayapendi kuzama na mazito hayapendi kupanda, kwa hiyo mbolea inakaa chini inatazama mwanga tu. Yale maji ya buluu safi wanayoyapiga picha watalii, kwa macho ya mtu wa uvuvi, ni shamba lisilo na samadi.

Kwetu basi bahari inalimwaje? Kusi, pamoja na kurundika, inakoroga. Mawimbi na upepo mkali vinayachanganya maji ya juu hadi kina kirefu zaidi, na mkondo wenye kasi unapokwaruza ukingo wa bara na visiwa unainua maji ya chini. Kaskazi, ukifanya mchezo wa mkono, utaona inayasukuma maji kuelekea nje, kwa hiyo kuna kupanda kidogo, lakini upepo wenyewe ni mnyonge na maji ya juu yamekuwa moto, yamefunika kama mfuniko. Ongeza mito masika, hasa Rufiji, ambayo delta yake ya mikoko ndiyo malezi ya kambamiti. Ongeza majani ya bahari na matumbawe. Hatuna jembe moja kubwa kama la Somalia. Tuna majembe madogo madogo mengi.

Mahali pazuri pa kuona hili ni Pemba. Mlangobahari wa Unguja ni wa kina kifupi, mita 30 au 40 hivi sehemu nyingi. Enzi ya barafu ya mwisho, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, ulikuwa nchi kavu na wanyama walivuka kwa miguu. Mlangobahari wa Pemba una kina cha mamia ya mita, unafika kama 800. Kwa mvuvi wa Tanga ina maana themoklaini, maji baridi na jodari viko umbali mfupi kutoka nchi kavu, wala hahitaji meli kubwa kuvifuata. Mabaharia nao wakikuambia habari za mkondo wa Nungwi, wanakuambia fizikia ile ile: mkondo mkubwa unapobanwa na visiwa, lazima ukimbie.

Kuhusu kusi kuna kosa ambalo hata maofisa hulifanya. Takwimu za diko, mahali vyombo vinaposhushia samaki, zinaonyesha samaki wamepungua Julai, mtu anaandika "samaki wamehama". Huenda. Lakini kwanza hesabu vyombo vilivyotoka. Ngalawa haiendi nje ya mwamba kusi ikikaza. Kikapu kikiwa tupu kwa sababu mvuvi alilala nyumbani, bahari haihusiki. Na dagaa vile vile: hao huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, kwa sababu mwezi mkubwa unaimaliza nguvu taa na samaki hawakusanyiki. Ukichora dagaa wa mwezi mmoja utapata mzunguko mzuri sana. Usije ukaandika kurasa sita.

Themoklaini ikitikisika, hata meli za Ulaya zinajua. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 maji ya moto yalirundikana upande wetu wa Bahari ya Hindi. Huku nchi kavu tulikumbuka mvua za El Nino na barabara zilizokatika. Baharini matumbawe yalipauka kuanzia Kenya hadi Ushelisheli, na themoklaini ilizama chini zaidi. Jodari wa juujuu waliokuwa wamebanwa katika tabaka jembamba wakapata nafasi ya kushuka, nyavu za kuzungushia zikawa haziwafikii, na meli nyingi zilizozoea kuvua karibu na Ushelisheli zikahamia mashariki ya bahari hiyo. Mwaka 1999 watafiti nchini Japani wakaueleza mfumo huo wa bahari kupata moto magharibi na baridi mashariki. Leo tunauita Daipoli ya Bahari ya Hindi. Ulirudi kwa nguvu 2019, mkaona mvua zake.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mfadhili. Mwaka 1865 padri Mtaliano Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini na kupima kina inapopotea machoni. Sisi tunatumia mfuniko mweupe wa ndoo, sentimita 30 hivi, jiwe chini yake, kamba yenye fundo kila mita. Shusha upande wa kivuli cha chombo, mchana jua likiwa juu. Ikipotea, hesabu mafundo, zidisha kwa mbili na nusu au tatu: hapo ndipo mwanga wa kutosha mimea unapoishia. Nje ya mwamba utahesabu mpaka uchoke. Mdomoni mwa Rufiji wakati wa masika huenda usimalize fundo la kwanza.

Jumamosi tunatoka. Kila mtu na mfuniko wake, na pembeni mwa kila kipimo aandike mambo matatu kabla ya namba yenyewe: mwezi una siku ngapi, maji yanajaa au yanakupwa, upepo unatoka wapi. Atakayeandika "saa nne asubuhi" peke yake nitamrudishia daftari.