Asidi Yake ni Ipi? Kutaja Majina ya Asidi Kaboksiliki na Kampaundi Zinazotokana Nazo

Ukiandika fomula C₄H₈O₂ ubaoni na kuwauliza wanafunzi wa kidato cha sita ni kampaundi gani, wengi watajibu upesi kwamba ni asidi butanoiki. Jibu hilo linawezekana, lakini halitoshi, kwa sababu fomula hiyo hiyo inamilikiwa na asidi kaboksiliki mbili na esta nne (esta ni zao la asidi na alkoholi), mbali na kampaundi za jamii nyingine. Asidi butanoiki ndiyo inayoipa siagi iliyochacha harufu yake kali, ilhali ethanoati ya ethili, yenye atomi zile zile kwa idadi ile ile, ni kiyeyushi chenye harufu tamu kinachotumika kuondolea rangi ya kucha. Zinatofautiana kwa mpangilio wa atomi tu, na kazi ya jina la kikemia ni kuueleza mpangilio huo kwa namna ambayo msomaji wa mbali, asiyeuona mchoro, ataweza kuuchora mwenyewe bila kukosea.

Katika kufundisha mada hii nimefikia msimamo kwamba jedwali refu la viambishi, ambalo wanafunzi hulikariri usiku wa kuamkia mtihani, si mahali pazuri pa kuanzia. Afadhali mwanafunzi azoee kujiuliza swali moja kila anapokutana na molekuli ya jamii hii: asidi yake ni ipi? Esta, amidi, kloridi na anihidridi zote hubeba jina la asidi zilikotoka kama mtoto anavyobeba jina la baba yake, na anayeitambua asidi ameshapata sehemu kubwa ya jina.

Basi tuanze na asidi yenyewe. Kundi la kaboksili, COOH, ni atomi ya kaboni iliyoungana na oksijeni moja kwa bondi mbili na kundi la OH kwa bondi moja. Kaboni hiyo imebakiwa na bondi moja tu ya kuungana na mnyororo, kwa hiyo haiwezi kukaa katikati. Hukaa mwishoni, nayo hupewa namba 1 bila mjadala. Tunatafuta mnyororo mrefu zaidi unaoibeba, tunahesabu kaboni zake zote pamoja na ile ya kaboksili, kisha tunachukua jina la alkani (kampaundi ya kaboni na haidrojeni yenye bondi moja moja tu) yenye idadi hiyo na kulimalizia kwa -oiki. HCOOH ni asidi methanoiki, CH₃COOH ni asidi ethanoiki, ile ya kwenye siki, na CH₃CH₂COOH ni asidi propanoiki. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko yote ni kuiacha kaboni ya kaboksili nje ya hesabu, hivyo CH₃CH₂COOH ikaitwa asidi ethanoiki kwa kuwa mwanafunzi ameona CH₃CH₂ na kuishia hapo.

Matawi huhesabiwa kuanzia kaboni hiyo hiyo, kwa hiyo (CH₃)₂CHCH₂COOH ni asidi 3-methilibutanoiki. Hapa pana mtego kwa wanaosoma vitabu vya biokemia, ambavyo bado vinatumia herufi za Kigiriki. Alfa si kaboni ya kaboksili bali ni jirani yake, yaani namba 2. Beta ni namba 3, gama ni namba 4. Asidi gama-aminobutiriki, inayotuliza mawasiliano ya neva katika ubongo, kwa jina la kimfumo ni asidi 4-aminobutanoiki. Hizi ni njia mbili za kuhesabu zinazoanzia sehemu mbili tofauti, na kuzichanganya ndani ya jina moja hakukubaliki.

Majina ya zamani hayana hesabu hiyo, kwa sababu yalitolewa kabla ya muundo wa molekuli kujulikana, na yalifuata chanzo. Asidi fomiki ilipewa jina la Kilatini la sisimizi, waliochemshwa ili kuipata. Butiriki ni ya siagi. Kaproiki, kapriliki na kapriki, zenye kaboni 6, 8 na 10, zote zimeitwa kwa jina la mbuzi, ambaye maziwa yake yana asidi hizo. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1892 ndio ulioweka msingi wa majina ya kimfumo, na kazi hiyo inaendelezwa na IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia ulioundwa mwaka 1919. Hata hivyo, nawasihi walimu wenzangu wasiyadharau majina ya zamani. Mapendekezo ya IUPAC ya mwaka 2013 yenyewe yanayataja fomiki, asetiki, oksaliki na benzoiki kuwa ndiyo majina yanayopendelewa, ingawa mitaala yetu ya sekondari huelekea zaidi kwenye methanoiki na ethanoiki. Mtengeneza sabuni wa Pwani anayenunua mafuta ya nazi atakuta yameandikwa asidi lauriki, ambayo ndiyo nyingi kuliko asidi nyingine katika mafuta hayo, na anapaswa kujua kwamba hiyo ndiyo asidi dodekanoiki, yenye kaboni 12.

Sasa tuziendee kampaundi zinazotokana na asidi. Zote, isipokuwa nitrili (zenye kundi la CN), zina kundi la C=O lililobaki baada ya OH ya asidi kupisha kitu kingine. Klorini ikikaa mahali pa OH ya asidi ethanoiki tunapata kloridi ya ethanoili. Molekuli mbili za asidi hiyo zikiungana na kutoa maji tunapata anihidridi ethanoiki. Na chumvi huchukua -oati, kama ethanoati ya sodiamu. Haya hayasumbui.

Esta ndiyo inayosumbua, na inastahili muda zaidi. Jina lake lina sehemu mbili, moja ya asidi na moja ya alkoholi, na ugumu wote ni kujua ipi ni ipi. Usiangalie kilichoandikwa kushoto wala kulia. Tafuta kaboni yenye bondi mbili na oksijeni: upande ilipo kaboni hiyo ndio upande wa asidi, uhesabu pamoja nayo na uumalizie kwa -oati. Kilichoko ng'ambo ya ile oksijeni nyingine, yenye bondi moja moja, ndicho kilichotoka kwenye alkoholi, nacho huishia kwa -ili. CH₃CH₂COOCH₃ ina kaboni tatu upande wa asidi na moja ng'ambo, hivyo ni propanoati ya methili. Igeuze uandike CH₃OCOCH₂CH₃, bado ni ile ile. CH₃COOCH₂CH₃ ni ethanoati ya ethili. Zikiongezwa methanoati ya propili na ile ya 1-methiliethili, esta zote nne za C₄H₈O₂ zimetimia. Katika Kiingereza cha mitihani sehemu ya alkoholi hutangulia, kwa hiyo mpangilio wa maneno hugeuka, lakini kanuni ya kuitambua haibadiliki.

Kila upande wa esta una hesabu yake. Upande wa alkoholi huanza kuhesabiwa kwenye kaboni iliyoshika oksijeni. Ndiyo maana esta inayonukia ndizi huitwa ethanoati ya 3-methilibutili. Jina likiwa sahihi linakuambia pia esta itavunjika kuwa nini: ichemshe na haidroksaidi ya sodiamu, ethanoati ya ethili itatoa ethanoati ya sodiamu na ethanoli. Sabuni ya nazi hupatikana kwa njia hiyo hiyo, kwani mafuta ni esta za glaiseroli, na sehemu kubwa ya kinachobaki kikiwa sabuni ni dodekanoati ya sodiamu.

Amidi, ambayo ina naitrojeni mahali pa OH ya asidi, huondoa -oiki na kuweka -amidi. Kilichoungana na naitrojeni hakipewi namba bali herufi N, ili kisidhaniwe kuwa kiko kwenye mnyororo wa kaboni. Parasetamoli ni N-(4-haidroksifenili)ethanamidi: kaboni mbili za asidi ethanoiki, na juu ya naitrojeni yake pete ya benzini yenye OH kwenye kaboni ya nne. Nitrili nayo haina C=O, lakini kaboni ya CN huhesabiwa, hivyo CH₃CN ni ethaninitrili, na ikihidrolisiwa, yaani ikivunjwa kwa maji, hutoa asidi ethanoiki.

Molekuli ikiwa na makundi mawili tofauti, lenye cheo cha juu ndilo linalotoa mwisho wa jina: asidi hutangulia, kisha anihidridi, esta, halidi, amidi na nitrili. Aspirini ina asidi na esta kwenye pete moja. Asidi inashinda, na esta inashushwa kuwa kiambishi awali: asidi 2-(asetiloksi)benzoiki. Dawa za kuchua misuli mara nyingi huwa na 2-haidroksibenzoati ya methili, ambamo mshindani wa esta ni OH tu, hivyo esta ndiyo inayotawala.

Asidi zenye kaboksili mbili huishia kwa -dioiki. Ile ya ukwaju, tartariki, ni asidi 2,3-dihaidroksibutanidioiki. Ya ndimu haifuati njia hiyo, kwa kuwa ina kaboksili tatu na mnyororo una ncha mbili tu. Hapo hutumika kiambishi -kaboksiliki, na kaboni za COOH hazihesabiwi tena ndani ya mnyororo: asidi sitriki ni asidi 2-haidroksipropani-1,2,3-trikaboksiliki, yenye kaboni 6 ingawa jina linataja propani. Kaboksili iliyoshikamana na pete hufanya vivyo hivyo, kama katika asidi sikloheksanikaboksiliki, ambayo esta zake huishia kwa -kaboksilati, amidi yake kwa -kaboksamidi, na nitrili yake kwa -kabonitrili.