Wakili akiingia kaunti, faili lako linakwenda wapi?

Mwezi wa kwanza nilipoanza kazi katika idara ya sheria ya kaunti hapa Lamu, mzee mmoja wa Faza alinikuta kwenye uwanja wa Mkunguni baada ya swala ya Alasiri. Kesi yake ya shamba nilikuwa nayo tangu nikiwa na afisi yangu mwenyewe. "Mwanangu," akaniambia, "sasa mambo yametengenea. Uko ndani." Alifurahi kwa moyo safi. Mimi nilihisi uzito, kwani kule kuingia kwangu ndani ndiko kulikomwacha bila wakili.

Wakili wa kujitegemea humsimamia yeyote aliyekubaliana naye. Wakili wa kaunti ana mteja mmoja tu, serikali ya kaunti: huiandikia miswada, huikagulia mikataba, humshauri gavana na mawaziri wake, na huitetea ikishtakiwa. Kwa sheria ya mwaka 2020, Mwanasheria wa Kaunti, yaani mkuu wa mawakili hawa, sharti awe amekuwa wakili wa Mahakama Kuu kwa miaka isiyopungua 5, na uteuzi wake uidhinishwe na bunge la kaunti. Miaka kama hiyo wengi wetu tumeipitisha kwenye afisi binafsi, kwa hiyo karibu kila anayeingia huacha nyuma watu wenye kesi nusu.

Wakili wako akikwambia anaondoka, mdai faili lako lote pamoja na pesa zako ambazo hazijatumika. Pesa za mteja huwekwa katika akaunti yake maalumu, si mali ya afisi. Ikiwa unadaiwa ada anaweza kuzuia karatasi mpaka ulipe, basi malizaneni mapema. Halafu tafuta wakili mwingine, awasilishe notisi kortini kwamba sasa yeye ndiye anayekusimamia. Usikae ukingoja. Kesi ikipita mwaka mzima bila hatua yoyote, korti inaweza kuifuta. Na kama hukumu imeshatolewa, kubadilisha wakili kunahitaji ruhusa ya korti au makubaliano ya maandishi baina ya mawakili wawili. Asiyekuwa na uwezo aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ukinyimwa faili bila sababu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kulalamika huko hakulipiwi.

Linalowatia watu hofu zaidi ni siri. Hapa kwetu mashamba mengi yamekaliwa vizazi kwa vizazi bila hatimiliki, na mipaka yake inagusana na ardhi ya umma. Mtu humweleza wakili wake kila kitu: nani alipanda minazi, nani aliuza kipande kimyakimya, karatasi gani imepotea. Kisha anamwona wakili yuleyule amekaa upande wa kaunti. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 134, inalinda maneno hayo, na inatamka wazi kwamba ulinzi huo unaendelea hata baada ya kazi ya wakili kwisha. Nayajua mengi kuhusu shamba la yule mzee. Hakuna mkubwa wangu anayeweza kuniamuru niyaseme.

Ila ulinzi huo ni wa yale uliyonieleza nikiwa wakili wako. Ukija leo kwenye afisi ya kaunti ukanimwagia habari za mgogoro wako na kaunti, unamsimulia wakili wa upande wa pili. Nimewahi kumkatiza mama mmoja katikati ya sentensi kwa sababu hiyo, akaondoka amenuna. Afadhali anune kuliko ajidhuru.

Mzee wangu alikuja Jumatatu kuchukua faili. Alihesabu karatasi moja moja mbele yangu, zilipotimia akatia sahihi. Akaniuliza, "Na kaunti ikinishtaki kwa mpaka ule, nitakukuta kortini?"

Nikamjibu: "Hutanikuta, mzee. Nitaandika barua kwamba nilikuwa wakili wako, na kesi hiyo atashika mwenzangu. Mimi faili lake hata sitalifungua."

Akalitia faili kwenye kikapu, akatoka kuwahi boti ya Faza.