Eti viziwi "wanaangalia picha tu"

Nawafundisha wanafunzi viziwi kutambua habari zinazoegemea upande. Juzi tena, kwenye kikao cha wazazi: "Mwalimu, hawa si wanaangalia picha tu? Habari za upande mmoja watakutana nazo wapi?" Ni mara ya ngapi, nimeacha kuhesabu. Nilitabasamu, nikarudi darasani na hasira zangu.

Wapi? Kwenye hizo hizo picha! Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara Dar es Salaam, mitandaoni zilizagaa picha za vibanda vilivyobomolewa. Picha za kweli kabisa. Ikate abaki mama aliyekalia mbao zake, umesema jambo moja. Ikate ibaki njia ya waenda kwa miguu iliyo wazi, umesema jingine. Hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana semina za "tambua habari feki" zinanichosha: watoto wanatoka humo wanajua kuuliza "kweli au uongo?", basi. Habari inaweza kuwa ya kweli na bado imeegemea upande.

Picha ni rahisi. Karatasi mbili za kufunikia, dakika kumi, wameelewa. Kazi iko kwenye maandishi, maana Kiswahili kwao ni lugha ya pili baada ya Lugha ya Alama. Chukua kichwa cha habari "Wamachinga waondolewa". Alama ninayotumia hapo huanzia kwa anayeondoa na kuishia kwa anayeondolewa, sasa mkono uanzie wapi? Nikasita. Binti wa dawati la mbele akanikatiza: NANI? Sisi tunaosikia tunaimeza ile -w- ya kutendwa kutwa nzima bila kumuulizia mtendaji. Halafu "Jiji lasafishwa". Kasafisha nani, na uchafu ulikuwa nani? Hapo tulikaa vipindi vitatu, azimio la kazi likasubiri.

Kinachoninyima raha ni uso wangu. Katika alama uso ni sarufi. Nyusi zenyewe zinaweza kugeuza sentensi kuwa swali. Nikitafsiri habari nisiyoipenda, uso unasema, na hawa hawapitwi na kitu. Nahofia muhula mzima walikuwa "wakigundua" upendeleo kwa kunisoma mimi, nami najisifia ofisini!

Siku hizi anayetafsiri habari kwa alama ni mwanafunzi, mimi nakaa nyuma kabisa. Majibu sahihi yamepungua. Wiki iliyopita wawili walibishana juu ya yule mama na mbao zake mpaka kipindi kikaisha, kila mmoja akinigeukia aone uso wangu unasemaje. Nikainama nikajifanya nasahihisha madaftari.