Kumwaga maji yote hakumalizi mwani

Wengi hapa Mtwara wakiona kioo cha tangi la samaki kimeota utando wa kijani, yaani mwani, humwaga maji yote na kusugua changarawe hadi zing'ae. Haichukui muda, ukijani umerudi. Mwani hustawi kwa mwanga mwingi na virutubisho vya mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Tena ukiosha kila kitu, hasa chujio, kwa maji ya bomba yenye klorini, unaua bakteria wanaoondoa amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki hayo. Hapo samaki ndio wanaoumia.

Kwanza toa tangi dirishani, jua la Shangani halina mchezo. Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu. Punguza chakula. Badilisha robo ya maji kila wiki, na kioo kikwangue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.